Safu ya Chakula

Daktari Eteri kanipa daftari,
safu tatu: saa, chakula, namba.
"Andika kila kinachoingia," kasema,
"hata ukiramba mwiko, andika."

Mimi Tsiala, mhasibu miaka thelathini na mmoja
kwenye kiwanda cha chuma hapa Rustavi,
nishindwe na safu tatu?

Jumatatu. Maharage na giligilani, bila mkate.
Mchicha wa kupondwa na njugu.
Saba nukta mbili.
Nikaipigia mstari kwa wino mwekundu
kama mtoto aliyepata zote.

Jumanne. Maharage yale yale, sufuria ile ile.
Kumi na tatu.
Nikatoboa kidole cha pili,
huenda cha kwanza kilichovya asali ndotoni.
Kumi na tatu na ushee.

Kisukari! Jina dogo hivyo,
la kubembelezea mtoto,
na mwenyewe kageuka baba mwenye nyumba,
hodi hapigi, viatu havui.

Nikakagua kama nilivyokagua vitabu vya kiwanda:
nani kaiba?
Jibini nilimpa jirani. Zabibu nilizifungia kabatini,
ufunguo nikautia kwenye gunia la unga nisiougusa.
Maharage hayana hatia, nimeyajua tangu utoto.

Ndipo nikaikumbuka barua.

Saa nne asubuhi ilipenya chini ya mlango:
mkopo wa Nukri, sahihi yangu ya udhamini,
siku ishirini na moja.
Nukri yuko Gdańsk, anabandika vigae vya mabafu ya watu,
na simu yake inaita, inaita,
kama kengele ya nyumba iliyohamwa.

Haki ya Mungu sikuila barua ile.
Lakini damu yangu iliitafuna herufi kwa herufi,
ikakuta humo sukari
ambayo ulimi haukuambiwa.

Nikachukua kalamu.
Safu ya saa: nne.
Safu ya chakula: barua ya benki, kurasa mbili.
Namba unaijua.

Tangu hapo sikuficha kitu.
Jumatano: tango, yai, simu isiyopokelewa mara sita.
Alhamisi: supu ya kabichi;
dada yangu Lamara akiuliza mbele ya wageni,
"Nukri hajambo?" — kijiko kimoja tu, lakini kimejaa.
Ijumaa usiku: dari. Nililitazama mpaka alfajiri.
Kumi na moja nukta nne.

Eteri alisoma akiwa amevua miwani.
"Hii barua," kauliza, "uliipikaje?"
"Mbichi."
Hakucheka. Kisha akacheka, nami nikacheka,
mpaka muuguzi akafungua mlango kuona nani analia.
"Benki sina kidonge chake," kasema.
"Ngazi unazo lakini."

Ngazi ninazo. Ghorofa tano.
Lifti yetu hula sarafu kabla haijapanda
na mimi sina sarafu ya kulisha chuma,
nimelisha chuma ujana wangu wote.
Basi napanda, nahesabu, nasimama ya tatu
nikijifanya natafuta ufunguo.

Chini, Gocha anapiga unga kwenye ukuta wa tanuri.
Harufu ya mkate wake hupanda bila nauli,
hunifikia kabla sijafika.
Miezi minne nimepita mlango wake nikiziba pua
kama mwenye deni kupita duka.

Leo nilisimama.
Akakata ncha, ile kavu inayounguaungua,
kipande cha urefu wa kidole.
Nikakila taratibu, nimeegemea ukuta wenye joto,
naye hakuuliza habari za mtu yeyote.

Zimebaki siku tisa.
Nukri hajapiga.
Jioni nikatoboa kidole cha pete, ambacho hakina pete:
nane nukta tisa.
Si nzuri, si mbaya, ni yangu.

Safu ya chakula: mkate, ncha moja.
Nikafikiri, nikaongeza:
na ukuta wa Gocha, dakika kumi.