Dakika Tatu, Ukumbi wa Ahero

Karatasi ya mlangoni nimeijaza kwa kalamu ya karani:
Dorsila Apondi. Kinu cha mpunga, nyuma ya soko.
Palipoandikwa "Shirika unalowakilisha" nimechora mstari,
halafu nikauona mstari ule mpweke,
nikaandika: wateja wangu.

Yule kijana wa kampuni ameongea nusu saa.
Sikuhesabu mimi, simu yangu ndiyo iliyohesabu.
Ana picha ukutani: barabara mbili, moja nyekundu, moja kijani,
na gari la wagonjwa linapaa kwenye ile ya kijani.
Anasema mtandao ni barabara, mwenye haraka na alipe.
Anasema maskini atapewa bando la bure,
programu tano, asubuhi hadi usiku, bila hata ndururu.
Watu wamepiga makofi. Hata mimi, la kwanza.

Maana siwezi kusema bure ni uongo.
Jirani yangu Nyar Alego humwona mwanawe wa Doha
kila Jumapili baada ya ibada, uso kwa uso,
kwa bure hiyo hiyo. Juzi kamwonyesha jino lililong'oka.
Nani atasimama hapa amwambie azime,
eti kuna kanuni?

Lakini mpwa wangu Ochola ametengeneza ukurasa.
Si mkubwa. Bei ya mpunga wetu, na ya mchele wa meli,
na siku ya kufunguliwa maji ya mfereji, kipande kwa kipande.
Haumo katika zile programu tano.
Mkulima akiugusa, kile kiduara kinazunguka,
kinazunguka kama ng'ombe aliyefungwa kigingini,
salio linakwisha, na dalali kashafika shambani
na bei yake mdomoni.

Bwana mwenyekiti, hiyo njia ya haraka naijua.
Niliwahi kuiuza.

Mwaka wa mafuriko, umeme wa saa chache kwa siku,
foleni ya magunia ilifika kwenye duka la dawa.
Akaja mfanyabiashara wa Kisumu na lori,
akasema, nalipa mara mbili, nipitishe.
Sikumfukuza mtu. Hilo mlijue.
Hakuna aliyeambiwa mpunga wake haukobolewi.
Niliwaambia tu: subirini kidogo.
Kinu kikamkobolea usiku, na usiku wa pili,
na magunia ya Risper Nyagudi yakalala nje, mvua ikayalowesha.
Siku ya nne nikaona kijani kimetokeza kwenye nyuzi za gunia.
Chakula kimegeuka kitalu.
Hakunitukana. Aliuliza kama nina gunia kavu la kumwazima.

Tangu hapo, anayekuja na gorogoro, anayekuja na lori,
kila mtu kwa zamu yake, bei kwa kilo.
Lori hulipa zaidi kwa kuwa lina kilo zaidi,
si kwa sababu limepiga honi.
Na sikufungua gunia la mtu kuchungulia
kama ni la mchele ninaoupenda.

Sijaisoma rasimu yenu yote. Kurasa themanini, Kiingereza kitupu,
na kuipakua kumenila shilingi hamsini.
Gari la wagonjwa lipite, nani kakataa?
Ila nimeitazama sana ile picha,
na ubavuni mwa gari lile
sikuona msalaba. Niliona nembo ya kampuni.

Karani kainua kadi nyekundu. Kipaza sauti kimezimwa
katikati ya neno zamu.
Nimemalizia bila umeme.
Walioketi mstari wa mbele walisikia.
Kule nyuma, alikokaa Risper,
waliona midomo tu ikichezacheza.