Gramu Tisini

Fiorenza alirudi Pistoia Jumanne, mvua inanyesha,
toazi kwapani, limefungwa kwa taulo la mkahawa.
"Bado zito," akasema. "Linakawia kuamka.
Kulipiga ni kama kupiga hodi:
linauliza kwanza, nani?"

Mimi ndiye mkerezaji. Nilikuwa nimelipima:
kilo moja na gramu mia na sitini, inchi kumi na sita.
Na Nedo, aliyelifua kwa nyundo siku tatu,
alikuwa amelikubali kwa kope tu, asivyozoea.

Nikalifunga tena kwenye kerezo.
Chuma kikala shaba. Nyuzi zikajisokota
zikaniangukia viatuni,
na kila uzi ulioanguka ulikuwa sauti iliyopunguzwa
au sauti iliyopishwa njia, sijui hata leo.
Gramu thelathini. Akakataa. Sitini.
Nedo akatoka nje kuvuta sigara, asione.
Tisini.

Ukingo ulibonyea chini ya kidole gumba
kama bahasha isiyo na barua.

Fiorenza akaketi juu ya kreti, akashika mkwiro.
Hakupiga. Alipangusa tu,
kama mtu anayemwondolea mwenzake vumbi begani,
na karakana nzima ikavuta pumzi:

hhaaassshh

Haikuwa radi. Radi hujitangaza.
Hili lilifunguka lote kwa mpigo mmoja,
mlango, dirisha, pazia,
na kabla hujageuza shingo
limeshaondoka, kiti kingali na joto.

"Ndilo," akasema. "Liseme, likome."

Nedo alirudi, mabega yamelowa.
Akasema halitafika Krismasi,
kijana yeyote mwenye mkono wa hasira atalipasua.
"Wembamba wa reli," nikamwambia, "na treni hupita."
"Reli imelalia mawe," akajibu. "Hili litaning'inia."

Krismasi lilifika. Pasaka pia.
Mwezi wa sita, harusini kule Prato,
shemeji wa bwana harusi aliomba kiti cha ngoma,
wimbo mmoja tu.

Ufa ni mfupi kuliko ukucha.
Nedo alitoboa kitundu mwisho wake, usitambae,
wala hakusema nilikuambia.
Alipuliza vumbi la shaba, akaniachia nilisikilize mwenyewe.
Sasa lina mkwaruzo, mwishoni kabisa,
kama mtu anayekohoa
baada ya kusema neno lililostahili.

Nimemwahidi Fiorenza jingine, bila malipo. Hataki.
Huja, akayagusa yaliyotundikwa ukutani, moja moja,
mazito, yanayovuma hadi usahau ulikuwa wapi,
akayabana ukingoni kwa vidole viwili
na kwa vile kalelewa vyema, akasema mazuri.

Zile gramu tisini sikuzirudisha tanuruni.
Ziko kwenye kopo la kahawa, chini ya kerezo.
Ukilitikisa, hulisikii.