Vipimo

Fundi Mwinchande kaja toka Keko
na futi ya chuma, penseli sikioni,
na mfuko wa vipande vitatu:
mninga, mkongo, msaji.
Kavipanga barazani kama karata.
"Nusa," akaniambia. Nikanusa.
Mninga ulinukia droo ya mama.
Hiyo si sababu, nikajisemea.

Zamoyoni, mwanangu, kwa simu toka Goba:
"Baba, weka alumini. Unasukuma, linateleza, basi.
Hakuna mchwa, hakuna rangi, hakuna mafundi."
Kwake yote ni alumini na kioo cheusi;
nikilala huko sijui kama kumekucha
au ni taa ya geti la jirani.

Hapa Chang'ombe tuna madirisha sita.
Manne ya mbao, tangu mwaka sabini na nne.
Mawili ya luva zilizopungukiwa vioo;
pengo moja nimeliziba kwa kalenda ya benki,
mwezi Mei, mwaka wangu wa mwisho kazini.
La sebuleni limevimba, halifungiki tangu vuli.
La chumbani mchwa wamelila kwa ndani
wakaiacha rangi imesimama peke yake.
Ukilibonyeza, kidole kinaingia.
Nimeacha kulibonyeza.

Fundi hakuniuliza nataka nini.
Aliuliza mvua inapigia upande gani.
Upande wa Kurasini, nikamwonyesha.
Akatazama paa limetokeza kiasi gani,
akakwaruza lipu kwa ukucha, akaonja:
"Chumvi."
Akataja bei. Mbao laki nne na nusu kwa dirisha,
alumini laki tatu, "na hapo sijakupiga."
Kisha akauliza: "Nani atayapaka mafuta?
Kila mwaka kabla ya masika.
Msasa kwanza, mafuta baadaye, girisi kwenye bawaba.
Una miaka mingapi, mzee?"
Sabini na mmoja.
Akaandika kitu ukutani kwa penseli,
sijui ni umri wangu au ni sentimita.

Akapima kushoto. Akapima kulia.
Akarudi kushoto.
"Mzee, nyumba yako imelala."
Kidole kimoja na nusu, kuelekea uani.
Najua. Msingi tuliujenga Ramadhani,
uzi wa mwashi ukalegea saa kumi alasiri;
Mwajabu aliona, akanyamaza,
akaja kunambia baada ya miaka ishirini
siku chungwa lilipobingirika lenyewe
toka mlangoni hadi chini ya kabati.

"Alumini inakatwa dukani," akasema fundi,
"pembe ni pembe, pengo utalijaza silikoni.
Mbao nairanda hapa hapa
mpaka ikubaliane na ukuta."
Nilijua ananiuzia.
Nilimwongezea chai hata hivyo.

Usiku nikapiga hesabu nyuma ya bili ya maji.
Yanayotazama Kurasini, matatu, alumini:
mvua ile haina adabu, na mimi sina tena ngazi.
Jikoni alumini, kwa ajili ya mvuke.
Chooni luva mpya, nani analitazama la chooni.
Likabaki moja.
Nikaandika mninga, nikafuta.
Nikaandika alumini, nikaiangalia muda mrefu,
herufi zenyewe zilikaa wima kupita kiasi.
Nikafuta.

Mninga, chumbani.
Si kwa harufu.
Pale paa limetokeza, mvua haifiki,
udongo wa chini fundi ataumwagia dawa ya mchwa,
na kitanda kiko karibu:
mtu anaweza kupaka mafuta amekaa.

Asubuhi nikatoa malipo ya awali, nikahesabiwa chenji.
Zamoyoni akapiga. "Umeamua?"
Nimeamua, nikamwambia.
Njoo Februari.
Uje na msasa.