Kiti cha Kulia

Asubuhi ya tatu mfululizo betri imekata roho.
Nageuza ufunguo, gari linajibu tik, tik,
kama mtu anayebisha mlango kwa ukucha,
kisha kimya.
Nyuzi thelathini chini ya sifuri. Pua inaganda kwa ndani.
Jirani yangu Pasquale anavuka barabara na nyaya zake,
nyekundu na nyeusi, amezitundika shingoni kama daktari.
Analishtua, linakohoa, linawaka.
Aune, anasema, lipeleke kwa waliokuuzia.
Mimi nina miaka sabini na sita, na alfajiri ni yangu ya kulala.

Basi nimelipeleka.

Sakafu ya wakala inang'aa hata viatu vyangu vinaona haya.
Magari mapya yamepangwa kama maharusi,
kila moja na bei yake kifuani.
Binti wa mapokezi, kucha rangi ya chungwa, anauliza tatizo.
Umeme unaibwa usiku, nasema.
Anaandika. Kuna kingine?
Nasita.
Kiti cha kulia kinapata moto chenyewe.
Cha mkono wa kulia, narudia, cha abiria,
maana ameinua macho kama aliyesikia neno jingine.
Kinapata moto na hakuna aliyekikalia.
Tangu lini?
Novemba.
Sikumwambia Novemba ilikuwa na nini.

Wala sikumwambia kwamba nilijua, nikanyamaza.
Kwamba kwenye taa nyekundu nilinyoosha mkono
nikaikuta ngozi ya kiti ina joto,
kama godoro ambalo mtu ameliacha sasa hivi akaenda msalani.
Kwamba siku moja niliendesha hadi Nipigon
kununua maziwa, na maziwa ninayo.

Saa ya fundi ni dola mia na sabini, kodi mbali.
Nakunywa kahawa yao ya bure; ni bure kweli.
Kwenye televisheni isiyo na sauti mwanamume anampaka samaki limau,
anampaka, anampaka.

Fundi anaitwa Orest, jina limeshonwa mfukoni.
Amebeba kitu kwenye mfuko wa plastiki.
Panya, mama, anasema. Aliingia kukwepa baridi,
akatafuna waya chini ya kiti. Ikapiga shoti.
Kiti kikawa kinawaka hata ufunguo ukiwa jikoni kwako.
Ndicho kilichokuwa kinakula betri.
Nimeunga, nimefunga utepe wenye pilipili. Hatarudia.

Natazama mfuko. Kiota:
maganda ya alizeti, karatasi ya risiti,
na sufu ya kijivu, iliyochambuliwa vizuri, uzi kwa uzi.
Niliifuma mimi sufu hiyo.
Ni kofia ya Reino, ile tuliyoitafuta nyumba nzima wiki ile,
makabatini, kwenye sauna, hadi kwenye friza,
mwishowe akazikwa kichwa wazi.

Na panya?
Hatukumwona, mama.

Dola mia nne na kumi na mbili. Nimelipa.
Mfuko nikauomba. Orest akasita, akanipa kwa mikono miwili.

Nimeuweka kitini, upande ule.
Reino alikuwa na kilo tisini na nne na ukaidi wake;
hakujifunga mkanda mpaka tufike posta,
na kengele ya gari ililia njia nzima, naye akiimba juu yake.
Mfuko ni mwepesi.
Kengele haikulia.
Swichi ya joto ipo pale pale, sasa inatii.
Sikuigusa. Baada ya daraja, niliigusa.

Leo asubuhi gari limewaka mara moja, bila kubisha.
Nikamwona Pasquale dirishani kwake,
amekwisha vaa buti, kofia, glovu,
nyaya shingoni,
ananisikiliza ninavyonguruma
kama mtu aliyefutwa kazi.
Nikazima.
Nikashusha kioo, nikamwita aje anywe kahawa,
na aje na mfuko wa sukari, yangu imeisha.
Haijaisha.