Kichwa Wazi

Jumamosi, mnada wa Msalato,
nilishika masikio ya ng'ombe tangu alfajiri,
nikitumbukiza kupe kwenye kichupa cha spiriti,
nikiandika: jike, dume, wa nundu nyeupe, wa nani sijui.
Mmoja hakuingia kichupani.
Nilimkuta usiku, nyumbani Veyula, nyuma ya goti,
amevimba kama zabibu iliyosahauliwa na wavunaji.
Kaka yangu Lechipya alimng'oa kwa kibano cha nyusi cha mkewe,
polepole, wima, bila kumminya,
akacheka: "Bibi kupe kaliwa na kupe."
Sikucheka. Nilianza kuhesabu siku.

Maana nayajua mate yale.
Yanatia ganzi, yanaizuia damu isigande,
yanawaambia walinzi wa ngozi: kaeni, kaeni, hakuna kitu.
Na ndani yake, pengine
(sikuwa na kipimo cha kuniambia)
uzi mfupi wa herufi nne,
kitu kisichokula wala kulala,
kinachojua neno moja tu: nakili.

Siku ya kwanza nilikula ugali wa uwele na mlenda.
Ya pili nikafagia ua.
Ya tatu, saa nane za usiku, upepo ukigonga bati,
nililala macho nikiwaza seli moja,
moja tu, nyuma ya goti.

Mle ndani ni giza, na msongamano kuliko mnadani.
Barua zinatoka kwenye kiini, maelfu kwa maelfu,
na kila barua ya mwenyeji imevaa kofia.
Sifumbi fumbo; kofia ni kemia, na ipo.
Na yumo mpapasaji.
Hana jicho. Wataalamu wamempa herufi badala ya jina.
Hasalimii "mbukwa", haulizi umetoka kwa nani.
Anapapasa vichwa.
Kofia, pita. Kofia, pita. Kofia, pita.

Kichwa wazi.

Kichwa wazi, fosfeti tatu zimesimama
kama nywele za aliyekurupushwa usingizini,
na uzi umelala juu ya uzi mwenzake
namna ambayo wa nyumbani hawalali.
Anakamata. Anakunjua mkono aliouficha kifuani,
anagusa ukuta wa mitokondria, jikoni kwetu,
na waliosimama pale mmoja mmoja
wanashikana, wanashikana, mnyororo mzima,
mpaka yowe linatoka.

Yowe lenyewe si la kujiokoa.
Hapo ndipo huwa nanyamaza.
Seli iliyovamiwa huenda isipone;
interferoni yake inakwenda kwa jirani:
fungeni. Zimeni majiko. Kateni kila uzi mgeni.

Lakini hila nazijua pia.
Wapo virusi wanaojinyoa fosfeti mbili,
wapapaswe wasihisiwe.
Wapo wanaojijengea kibanda cha utando,
wanakili humo, mlango wameurudishia.
Kwa hao yupo mpapasaji wa pili, mpima urefu,
anayejipanga juu ya uzi mrefu kama siafu juu ya kamba.
Na wote wawili wakichelewa?
Ndahani wa machinjioni, mwaka juzi.
Fizi zilivuja damu siku ya sita.
Sisemi zaidi.

Siku ya nne nilitetemeka, blanketi mbili, joto la Januari.
Lechipya hakucheka tena. Alikodi pikipiki.
"Homa," alisema muuguzi, kama anayemtaja mwizi.
Nilitaka kumjibu: huyo si mwizi, dada,
hao ni majirani wanaofunga milango.
Meno yaligongana, neno halikutoka.

Kipimo kilirudi baada ya wiki: hakuna kilichoonekana.
Nimekisoma mara nyingi kile kikaratasi.
Hakuna kilichoonekana
si sawa na hakuna kilichopita.

Jumamosi nikachomeka suruali ndani ya soksi.
Ng'ombe wa kwanza alikuwa mwekundu,
masikio yamejaa.