Mshika Nafasi

Nilikuwa na kimo chake, futi sita na inchi moja,
mabega yake, namba yake ya kofia.
Miaka kumi na tisa, kabla hajaitwa atoke chumbani,
mimi ndiye niliyesimama juu ya alama ya chaki
taa zikiniunguza shingo
mpaka kivuli kikae watakavyo.
Kisha sauti: "Asante, Orrin."
Nikarudi pembeni, fagio nyuma ya mlango.
Naye akaja, ananukia tumbaku na poda,
akasimama palepale, pana joto langu bado.

Dunia ilimjua kwa jina la Russell Thane.
Mama yake, kule Scranton kwenye makaa ya mawe,
alimwita Ondrej, na alimwita kwa Kislovakia.
Studio ilimvua jina Jumatatu,
Jumatano ikamng'oa meno mawili ya mbele,
Ijumaa ikamfundisha kutamka "mama" upya
kwa mdomo wa watu wasiojua kiporo.

Alikuwa nahodha, padri, mwizi wa benki mwenye huruma.
Alipigwa risasi mara thelathini na moja,
na kila mara alianguka upande wa kushoto,
maana wa kulia ulikuwa na kovu.
Aliwabusu wanawake ambao taa zikizimwa
hawakumpa hata salamu.
Wake wa kweli walikuwa wawili.
Wa kwanza aliondoka na yule daktari wa meno.

Usiku mmoja, tukingoja mvua ya bomba ifunguliwe,
aliniambia:
"Baba alikohoa weusi.
Nikitakiwa kulia, navihesabu vikohozi vyake.
Cha saba, machozi yenyewe huja."
Tangu hapo sikuweza kutazama filamu zake kwa amani.
Watu wanatoa leso;
mimi namtazama midomo. Inahesabu.

Barua za mashabiki zilikuja kwa magunia,
halafu kwa mfuko,
halafu bahasha moja kutoka Nebraska,
mwandishi yuleyule kila Krismasi,
halafu hata yeye akanyamaza.

Filamu ya mwisho ilibakiza onyesho moja:
mzee anaondoka akifuata reli, haagi mtu.
Russell alikuwa hospitali, Glendale, na mpira puani.
Mwongozaji akanitazama kama anayeniona mara ya kwanza.
"Vaa koti lake. Tembea. Usigeuke."
Nilitembea. Kokoto zilinichoma, kiatu chake kilinibana
(hilo hatukuwahi kulipima).

Magazeti yakaandika: katika mgongo ule
Thane amesema aliyoshindwa kuyasema usoni maisha yote.

Nilimpelekea gazeti. Alisoma polepole, kidole juu ya mstari.
"Mgongo mzuri," akasema.
"Umeutoa wapi, Orrin?"
Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
nami, nimeshika kofia yangu, namba yake,
nikajikuta nahesabu.
Nilifika sita.
Muuguzi akavuta pazia.