Hesabu ya Dobi

Damu hufuliwa kwa maji baridi.
Ya moto huipika ndani ya uzi
mpaka iwe sehemu ya nguo.
Hili nalijua mimi, Khainza, dobi wa timu ya raga ya chuo,
miaka kumi na mmoja, mabeseni mawili, kamba moja
kutoka ukuta wa bweni hadi nguzo ya umeme,
Wanale ikinichungulia kwa juu.

Jezi ni ishirini na tatu.
Nazihesabu zikija, nazihesabu zikikauka.
Ikipungua moja siondoki
hata kama mvua imeshavuka mlima.

Jumatatu ile zilikuja ishirini na mbili.
Namba nne iko wapi?
Iko polisi, wakasema.
Na mwenyewe yuko polisi.

Lomuria, aliyeinama kupita kila mlango wa Mbale,
aliyetoka Kotido na begi moja na barua ya udhamini,
aliyeniinulia beseni kabla sijamwomba.
Usiku wa Jumamosi, ng'ambo ya Namatala,
mlinzi wa duka la dawa alipigwa nondo kichwani.
Na mtu mrefu, walisema.
Mkaramojong, walisema.
Nani aliona? Giza liliona.
Lakini jezi ilikutwa chini ya kitanda, ina damu kifuani,
na mji mzima ukashusha pumzi.

Mimi nilikuwepo uwanjani.
Dakika ya sitini na moja kiwiko cha mtu wa Lira
kilimpata puani. Akajifuta kwa jezi, akarudi kusukuma.
Nikajisemea: leo chumvi kwanza.
Nilikwenda kituoni kuandikisha haya.
Waliandika. Walinipa hata kiti.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana nadhifu,
kola nyeupe ambayo hata mimi ningeringa kuifua.
Aliinua jezi kwa ncha za vidole, ndani ya nailoni:
"Mheshimiwa, damu haisemi uongo."
Kweli haisemi.
Ila damu haina mdomo, huazima wa mtu.

Maelezo yangu hayakusomwa.
Rumande, miezi kumi na minne.
Chuo kilimfuta kabla hakimu hajakohoa,
namba nne akavalishwa mtoto wa Tororo,
jezi mpya, inachuja rangi, imenichafulia soksi zote.

Kisha akaja wakili wa kujitolea, Bi Muduwa,
akanipa jalada nimshikie huku akitafuta miwani.
Sijui sheria mimi. Kiingereza changu
ni cha kusomea pakiti za sabuni.
Lakini mikono imezoea.
Moja, mbili, tatu, tano.
Nikarudia kwa kulowanisha kidole.
Moja, mbili, tatu, tano.
Nikasema: wakili, imepungua moja.

Ukurasa wa nne ulikuwa wa maabara.
Damu ni ya mvaaji mwenyewe, ulisema,
na tone la mlinzi halimo.
Ulilala kwenye droo ya yule nadhifu tangu mwezi wa pili.
Alipoulizwa, alisema ulisahaulika.
Kama soksi.

Lomuria aliachiwa siku ya Alhamisi, mchana, bila pole.
Kijana nadhifu alihamishwa, ngazi moja juu.
Aliyempiga mlinzi hatafutwi na mtu,
na mlinzi, nasikia, hadi leo humwita mkewe kwa jina la dada yake.

Jana alikuja nyuma ya bweni.
Amebaki urefu tu.
Beseni nililiinua mwenyewe, naye akalitazama
kama kitu alichowahi kukijua.
Akatoa nailoni kwenye koti.
"Itatoka?"
Miezi kumi na minne ndani ya kabati la bati, jua likiipika.
Sikumjibu. Nikatia chumvi, nikatia maji baridi,
nikasugua mpaka vidole vikafa ganzi,
yeye amekaa kwenye ngazi, akivuta nyuzi za lebo ya mahakama
mmoja mmoja.

Leo kwenye kamba zipo ishirini na nne.
Jua limeshageuka, na mimi bado nimesimama hapa,
sijui nihesabu vipi.